Saa ya Nakonde

Semina ilikuwa ya saa moja tu, kuanzia saa nane mchana. Mtandao ulikuwa umenisumbua wiki nzima huku Ihanda, kwa hiyo Jumamosi ile nikapanda Noah hadi Tunduma, nikajiunga bando la siku, nikakaa kwa mama ntilie mmoja jirani na mpaka. Chai, maandazi mawili. Simu ilipoonyesha saa nane kasoro dakika tano nikafuta mikono, nikabonyeza kiungo. Nikakuta wenzangu wanaagana.

Simu ilikuwa imedaka mnara wa Nakonde, upande wa Zambia, na wenzetu hao wako nyuma yetu kwa saa moja. Mama ntilie alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Mwalimu, hapa mpakani saa tunaulizana," akasema, akinionyesha saa ya ukutani iliyokuwa nyuma ya kisogo changu muda wote.

Nina miaka 54. Siku nilipotoka chuoni na cheti cha Daraja la IIIA nilidhani habari ya kusoma imekwisha. Haikuisha. Mtaala umebadilika tena, na huu mpya ulianza kuingia madarasani Januari 2024. Kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania naweza kusoma kitabu cha kiada bila kukilipia, ingawa bando nalipia mwenyewe, na bando halijui mwisho wa mwezi.

Nikashika kasi. Usiku, watoto wakilala, nikafuata kozi moja ya mtandaoni ya mbinu za kufundisha hisabati: video, maswali manne, "endelea", video nyingine. Wiki tatu nikapata cheti. Nikakichapisha steshenari moja mjini Vwawa, nikakipigia laminesheni kabisa. Jumatatu nikasimama mbele ya Darasa la Nne kufundisha sehemu, nikajikuta nachora duara ubaoni na kuligawa vipande, vilevile nilivyokuwa nikifanya miaka yote. Nilikuwa nimebonyeza tu.

Hapo ndipo nilipomkumbuka mama yangu. Yeye alisoma kisomo, ile elimu ya watu wazima ambayo wenye dharau waliiita ngumbaru. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya. Takribani watu milioni 2 nchi nzima waliingia kwenye vikundi vya kusikiliza, kwa wiki 12. Mama alikuwa mmoja wao, mimi nikiwa mgongoni. Redio ilikuwa moja, ya mbao, ya jirani. Kipindi kikiisha walikuwa hawatawanyiki: kiongozi wa kikundi anafungua kijitabu, wanabishana, halafu wanakubaliana ni kwa nani watachimba choo wiki hiyo. Mama hakupata cheti. Choo chetu kilisimama mpaka mimi nakwenda sekondari.

Simwambii mtu atupe simu akarudie redio ya mbao. Ile redio ilikuwa inasema tu, huwezi kuirudisha nyuma. Simu naisimamisha, naiuliza, naitazama mara tatu. Ila redio ilikuwa na jambo ambalo simu yangu imekosa: mama asipohudhuria, watu walikwenda kumgongea mlango.

Siku hizi Jumanne baada ya vipindi tunakaa walimu sita kwenye chumba cha Darasa la Pili, kwenye madawati yanayotubana magoti. Ni utaratibu wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA kwa kifupi. Simu moja inaegemezwa kwenye boksi la chaki, wengine tunaokoa bando. Ile video ya sehemu niliyoimaliza peke yangu usiku mmoja ilituchukua Jumanne mbili, maana mwenzetu mmoja, mkulima wa kahawa na mahindi kama sisi sote, aliisimamisha katikati akauliza: kwa nini keki? Nani hapa anakata keki?

Tukaleta debe na sado. Debe ni lita 20, sado lita 4. Sado moja ni sehemu ya tano ya debe. Nikaenda darasani na mahindi ya kwangu mwenyewe. Watoto wakapima, wakahesabu kwa sauti, sado ya tano ikajaza debe mpaka ukingoni. Nikaandika moja ya tano ubaoni, nikageuka nikiwa nimeridhika.

Kijana mmoja wa dawati la nyuma alikuwa amenyoosha mkono. "Mwalimu, nyumbani debe linajaa kwa sado nne na kidogo."

Nikamuuliza kwa vipi. Akaja mbele, akachota sado moja, akaendelea kuimwagia juu mpaka mahindi yakafanya kilima na kuanza kuporomoka kwenye sakafu. "Anayekuja kununua anapima hivi," akasema.

Darasa zima likajua anachosema. Mimi pia. Sikuwa na namna ya kukiandika kile kilima kwa sehemu, kwa hiyo nimekiandika kwenye daftari langu, kisubiri Jumanne.