Mtu Mmoja, Jina Moja

Visiwani kwetu mtu hujulikana kwa jina lake, la baba yake na la babu yake. Wengi wetu hatuna jina la ukoo. Lakini simu na kompyuta zimeundwa kwa desturi nyingine. Kanuni ya kadi za anwani iitwayo vCard, toleo la 4.0 la mwaka 2011, hutanguliza jina la ukoo, ndipo likafuata la mwenyewe.

Matokeo yake, Asha Juma Haji huandikwa “Asha” katika simu na “Haji” katika kompyuta ya ofisi. Madaftari hayo yanapooanishwa, mtu mmoja huwa wawili, au wawili wakawa mmoja. Hili si jambo la mzaha. Habari ya msiba huweza kufika pasipohusika, na fedha zikaingia mkono usio wake.

Dawa ipo, tena haina gharama. Kwanza, tushike utaratibu mmoja wa majina katika vifaa vyote. Pili, cheo kama Sheha kisigeuzwe jina, maana cheo hupita na mtu akabaki. Tatu, nambari zote zianze na +255, ili moja isihesabiwe mbili. Nne, daftari moja liwe la asili, na nakala yake ihifadhiwe kabla ya kuoanisha.

Tunatoa wito kwa wakuu wa ofisi zetu waanze wao. Mwananchi anayetafutwa na Serikali yake ana haki ya kupatikana kwa jina alilopewa na wazee wake.