Magemu ya zamani: Mtaji unaofanya kazi na mtaji uliolala

KATIKA stoo za nyumba za Kinyerezi, wilayani Ilala, Dar es Salaam, ipo bidhaa ambayo mwenye nyumba anaihesabu kuwa takataka na fundi wa jirani anaihesabu kuwa mali. Bidhaa hiyo ni mashine ya gemu ya zamani. Inaweza kuwa PlayStation 2 iliyoachwa na kijana aliyekwenda chuo, au "TV gemu" ya kaseti iliyonunuliwa Kariakoo miaka ya 1990, pamoja na televisheni ya chogo iliyotumika nayo.

Bidhaa ya namna hii kwa kawaida haina bei inayojulikana. Anayeitaka huomba apewe, na asiyeitaka humwachia mnunuzi wa vyuma chakavu. Lakini tangu zisikike habari za mamilioni ya dola yaliyolipwa Marekani kwa magemu ya kale, mwenye mtaji mdogo ana haki ya kuuliza: je, huu si wakati wa kununua, kuweka ndani na kungoja bei ipande?

Jibu linahitaji hesabu, kwa sababu ndani ya soko hili mna biashara mbili. Moja ni ya kukusanya na kuhifadhi. Nyingine ni ya kuchezesha na kutengeneza. Zote mbili zinatumia mashine zile zile, ila faida yake haitoki mahali pamoja, na anayezichanganya huweza kupoteza mtaji wake bila kuibiwa na mtu.

BEI ZA MAREKANI

Julai 2020 kaseti moja ya Super Mario Bros., gemu la kampuni ya Nintendo ya Japani, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola 114,000. Aprili 2021 kaseti nyingine ya gemu hilo hilo ilifika dola 660,000. Julai 11 mwaka huo huo, Super Mario 64 ya mwaka 1996 iliuzwa na nyumba ya mnada ya Heritage kwa dola milioni 1.56.

Mfanyabiashara makini atauliza jambo moja kabla ya kushangaa: ni nakala ngapi za gemu hilo zilizouzwa duniani? Super Mario 64 iliuzwa karibu nakala milioni 12, kwa hiyo gemu lenyewe si adimu hata kidogo. Kilicholipiwa ni boksi ambalo halikuwahi kufunguliwa, lenye nailoni yake ya kiwandani, lililopimwa na kampuni ya wakadiriaji na kupewa alama 9.8 kati ya 10. Mnunuzi alilipia boksi na cheti. Siku atakapolichana boksi hilo ili acheze, sehemu kubwa ya fedha yake itakuwa imepotea.

Jambo la pili la kuzingatia ni jinsi bei ilivyopanda. Soko linalotoka dola 114,000 hadi zaidi ya milioni moja ndani ya miezi 12 halijengwi na wachezaji peke yao. Wamo pia wanaonunua ili wamuuzie atakayekuja nyuma yao. Mei 2022 baadhi ya wateja walifungua kesi Marekani dhidi ya Wata, kampuni iliyokuwa ikipima magemu hayo, wakiituhumu kushiriki katika kupandisha bei. Kelele za rekodi zilipopungua, waliobaki na mali mkononi ni wale waliochelewa kuingia.

SHEHENA YA JANGWANI

Upo mfano mwingine ambao kila mwenye ghala anaweza kuuelewa. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa gemu la E.T., lililotokana na filamu maarufu ya mwaka huo. Kaseti zilitengenezwa nyingi kupita mahitaji, zikadoda. Septemba 1983 kampuni ilipeleka malori ya bidhaa zake zilizokwama na kuzifukia katika jalala la mji wa Alamogordo, jimbo la New Mexico.

Aprili 2014 jalala hilo lilifukuliwa na kaseti zipatazo 1,300 zikatolewa. Kati ya hizo, 881 ziliuzwa mnadani na kuingiza zaidi ya dola 107,000. Bidhaa iliyofukiwa kwa kukosa mnunuzi ikawa na bei baada ya miaka 31, nayo ilikuwa imeharibika kwa uchafu wa jalala.

Wengi husimulia kisa hiki kama ushahidi kwamba cha kale hakikosi bei. Ukweli ni kwamba kaseti ya E.T. isiyotoka jalalani iliendelea kuwa ya bei ndogo, kwa kuwa zilibaki nyingi. Zilizotoka Alamogordo ziliuzwa kwa sababu kila moja ilikuwa na uthibitisho wa mahali ilipotoka. Kwa lugha ya soko, kilichouzwa hapo ni historia iliyoandikwa, na kaseti ikawa chombo cha kuibebea.

KILICHOPO DAR ES SALAAM

Sasa msomaji arudi nyumbani na kutazama ghala la Dar es Salaam lina nini. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Mashine ya gemu haina kazi bila televisheni, kwa hiyo soko la Bara lilichelewa kufunguka. Nintendo ilikuwa imetoa mashine yake ya Famicom huko Japani tangu Julai 1983.

Lilipofunguka, bidhaa iliyoingia kwa wingi haikuwa ya Nintendo. Zilikuwa mashine za kuigiza zilizotengenezwa Asia, zikitumia mfumo wa Famicom kwa majina ya kila aina, na kaseti zake zikidai kuwa na mamia ya magemu ambayo mengi yalikuwa yakijirudia kwa majina tofauti. Baadaye ilikuja PlayStation, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1994, na kisha PlayStation 2 ya Machi 2000. Katika vibanda vya mitaani mashine hizi zilifungwa chipu ili zisome diski za kunakili, na vijana wakacheza Winning Eleven ya kampuni ya Konami hadi usiku.

Hapa ndipo ndoto ya mnada wa Marekani inapogonga mwamba. Soko la wakusanyaji wa ughaibuni linalipia kaseti halisi, kijitabu chake na boksi lake. Ghala la Dar es Salaam limejaa mashine za kuigiza, diski za kunakili na PlayStation zilizokwisha kufunguliwa na fundi. Aidha, diski ya kunakili haina thamani ya ukusanyaji, na kuiuza kunamgonganisha muuzaji na Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Anayenunua shehena ya diski hizo kwa matumaini ya kuziuza kwa dola atangoja sana.

Ipo pia hoja ya wingi. PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani kabla Sony haijatangaza Januari 2013 kwamba imesimamisha utengenezaji wake. Mashine yenye idadi hiyo haitakuwa adimu karibuni. Kitakachokuwa adimu ni mashine inayofanya kazi.

MTEJA NI NANI?

Mteja wa bidhaa hii ana umri unaojulikana. Ni mtu aliyekuwa mtoto au kijana miaka ya 1990 na 2000, aliyelipia gemu kwa sarafu alizopewa za vitafunwa, na ambaye leo ana kazi na pengine amejenga Kinyerezi, Kifuru au Segerea. Anachotafuta ni mchezo ule ule, kwa padi ile ile, akiwa na rafiki yule yule aliyekuwa akimfunga mabao.

Mteja wa aina hii hababaishwi na mashine mpya. Lakini ana sifa moja ambayo mfanyabiashara hapaswi kuisahau: hazaliwi tena. Watoto wake wamezoea simu, na hamu yao ya kesho itakuwa ya magemu ya simu. Kwa hiyo mahitaji yapo, ila yana mwisho, na anayenunua ili aweke miaka 30 anaweza kukuta wanunuzi wake wamezeeka pamoja na bidhaa.

Mwenye mapenzi ya kweli ya kukusanya hana hofu hiyo, kwa kuwa anapata faida yake kila Jumamosi jioni anapowasha mashine. Kwake bei ikishuka ni nafuu, maana atanunua nyingine.

MAMBO YA KUKAGUA

Kwa anayetaka kununua, ama kwa starehe ama kwa biashara, yapo mambo ya kiufundi yanayopandisha au kuua thamani.

La kwanza ni umeme. Tanzania inatumia volti 230, Japani volti 100 na Marekani volti 120. Mashine ya Japani ikichomekwa moja kwa moja ukutani bila transfoma inaungua. Lebo ya nyuma isomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Kinyerezi ndiko iliko mitambo mikubwa ya kufua umeme wa gesi, Kinyerezi I ya megawati 150 na Kinyerezi II ya megawati 240, lakini ujirani na mtambo hauzuii umeme kupanda na kushuka kwenye laini ya mtaa. Stablaiza ihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya mashine.

La pili ni mfumo wa picha. Magemu mengi yaliyotengenezwa kwa mfumo wa Japani na Marekani wa mizunguko 60 huenda polepole kwa karibu moja ya sita yakichezwa kwenye mashine za mfumo wa Ulaya wa mizunguko 50. Aliyezoea mwendo fulani utotoni ataitambua tofauti hiyo mara moja, na huenda akakataa kununua.

La tatu ni televisheni. Dar es Salaam ilizima matangazo ya analojia Desemba 31, 2012, na tangu hapo televisheni za chogo zimezidi kutolewa sebuleni. Lakini bunduki ya gemu la kulenga bata, Duck Hunt la mwaka 1984, inategemea jinsi kioo cha chogo kinavyotoa mwanga. Kwenye skrini bapa hailengi kitu. Mwenye bunduki hiyo bila chogo ana mapambo. Mwenye vyote viwili ana seti inayouzika.

La nne ni uchakavu. Lenzi ya PlayStation 2 huchoka na kushindwa kusoma diski, kapasita huvuja, na betri ndogo iliyo ndani ya baadhi ya kaseti ikifa hufuta kumbukumbu ya mchezo. Unyevu na chumvi ya hewa ya pwani huharakisha kutu. Kwa sababu hiyo mashine mbovu za kutoa vipuri nazo ni mali, na fundi anayejua kulehemu ana soko la uhakika kuliko mwenye boksi.

HESABU YA KIBANDA

Tuchukue mfano, na tarakimu hizi ni za mfano tu. Mtu anaweka sh. 400,000 katika mashine mbili, televisheni mbili na stablaiza. Kwa siku anaingiza sh. 6,000. Umeme unachukua sh. 1,000, akiba ya matengenezo sh. 500, na kodi ya chumba kwa wastani sh. 1,500. Zinabaki sh. 3,000. Kwa siku 26 za kazi anapata sh. 78,000, na mtaji unarudi baada ya miezi mitano na siku chache.

Lakini lenzi ikifa na kibanda kikafungwa siku nane, kodi haimngoji fundi. Siku 18 zitaleta sh. 81,000 baada ya umeme na akiba. Ikitolewa kodi ya mwezi ya sh. 39,000, zinabaki sh. 42,000. Hali hiyo ikijirudia kila mwezi, mtaji utarudi baada ya miezi tisa na nusu. Na hapo ujira wa mwenye kibanda haujahesabiwa.

Sh. 400,000 hizo hizo zikilazwa kwenye boksi la kungoja bei, hazitaingiza hata senti hadi siku mnunuzi atakapopatikana. Kama ni ada ya shule ya Januari, boksi halitailipa.

Onyo jingine ni la dau. Kibanda kinacholipisha muda wa kucheza kinauza burudani. Wachezaji wakianza kuwekeana fedha, mwenye kibanda ameingia kwenye kamari, eneo linalosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003. Vilevile, kibanda kinachopokea watoto saa za masomo kinajitafutia ugomvi na wazazi na serikali ya mtaa.

USHAURI

Kwa mwenye mtaji mdogo, ushauri ni huu. Anunue mashine inayowaka mbele ya macho yake, ya volti zinazojulikana, pamoja na vipuri vyake. Aandike kwenye daftari tarehe, bei na hali ya kila kifaa, maana wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Akibahatika kukuta kaseti halisi yenye boksi na kijitabu, aiweke kando bila kuifanyia ukarabati, na asiifungue kama bado imefungwa.

Zaidi ya hapo, atumie fedha ambayo hata isiporudi nyumba haitayumba. Mashine ya zamani inayochezeka hulipa kidogo kila siku kwa anayeitunza. Ile iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni stoo, Kinyerezi au kwingineko, bado inamngoja mteja ambaye hajulikani ni nani wala atakuja lini.