Saruji Ndani ya Udongo Mchafu
Mjini Columbus, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, kiwanda cha zamani cha kutengeneza gesi kutokana na makaa ya mawe kiliacha lami yenye sumu ardhini kando ya mto Chattahoochee, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wahandisi, badala ya kuichimba yote na kuihamishia kwingine, waliteremsha keekee kubwa zilizochanganya uji wa saruji na udongo papo hapo. Saruji hutumia maji ya udongo huo kuganda, hivyo ardhi dhaifu hupata nguvu ya kubeba mzigo, huku sumu, ambayo haitoweki bali hufungwa, ikikosa upenyo wa kufuata maji ya chini. Kwa kuwa mafuta na mboji huweza kuzuia saruji isigande, sampuli hupimwa kwanza maabarani, hatua isiyostahili kurukwa kamwe, ndipo kiasi cha saruji hupangwa.