Makaburi Yetu ni Amana: Mpaka, Daftari na Mikono

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mwenyezi Mungu ametufahamisha katika Sura ya Abasa kwamba kuzikwa ni katika neema alizomfanyia mwanadamu: alimfisha, kisha akamtia kaburini, hakumwacha nyikani awe chakula cha fisi na ndege. Na katika Sura ya Maida tumesimuliwa khabari za mwana wa Adam aliyemwua nduguye asijue la kumfanya, hata akapelekewa kunguru aliyefukua ardhi ili amwonyeshe namna ya kumsitiri maiti. Basi kaburi ni sitara. Na sitara ya Mwislamu haikomi siku ya kuondoa matanga.

Sisi watu wa Tandahimba, na jirani zetu wa Newala na Masasi, hatulaumiki katika kuzika. Khabari ya msiba ikitangazwa msikitini, vijana huacha korosho chini ya mikorosho, wakatwaa majembe, na kabla ya alasiri mwanandani imekwisha kuchimbwa. Hayo ni ya kushukuriwa. Lakini tutazame yanayofuata. Siku ya kumzika wa pili hutangulia watu wenye mapanga kufyeka njia, kwa kuwa tangu kuzikwa wa kwanza hakuna aliyerudi. Mbuzi wamelala juu ya makaburi, udongo umedidimia kwa mvua, na kijiti cha alama kimeliwa na mchwa. Hapo wazee husimama wakibishana: hapa amelala mtu, au hapana mtu?

Mtume wetu (S.A.W.) alilikemea jambo hili. Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Huraira kwamba ni kheri mtu akalie kaa la moto likaunguza nguo yake na kufika mwilini, kuliko kukalia kaburi. Na katika Abu Daud, Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuvunja mfupa wa aliye hai. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wakasema kwamba kaburi halifukuliwi ili azikwe mwingine mpaka wajuao udongo wa mahali pale wahakikishe kuwa aliyemo amekwisha kuwa udongo. Sasa atahakikishaje mtu ambaye hajui hata kama pana kaburi?

Wako wadhanio kwamba dawa ya haya ni saruji. Mwenye nafasi humjengea mzazi wake kaburi pana la matofali na marumaru, akaona amemaliza haki. Twasema kwa upole, kwa sababu nia yake ni mapenzi: hakumaliza. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kaburi kupakwa chokaa na kujengewa. Na wanazuoni wetu wametilia mkazo khasa makaburi ya watu wote, kwani ajengaye hapo huwabana wenziwe katika ardhi ambayo si yake peke yake. Atakaye kuona maana ya maneno hayo na aende Kinondoni, Dar es Salaam, aone jinsi kaburi jipya linavyotafutiwa upenyo baina ya yaliyojengewa. Tena jiwe halijilindi. Kule Kunduchi, kaskazini ya mji huo, yako makaburi ya kale yenye nguzo, yaliyopambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Nguzo zingali zikionekana. Bakuli nyingi zimebanduliwa.

Alipozikwa Uthman bin Madh'un katika Baqii, Madina, Mtume (S.A.W.) alibeba jiwe kwa mikono yake akaliweka upande wa kichwa, apate kulijua kaburi la nduguye na kuwazika karibu naye jamaa zake watakaokufa. Jiwe moja na udongo ulioinuka kadiri ya shibiri vyatosha kujulisha. Yanayotupungukia sisi ni mambo matatu: mpaka, daftari na mikono.

La kwanza ni mpaka. Makaburi yetu mengi yalitolewa kwa mdomo. Mzee mmoja alisema, "Zikeni hapa katika shamba langu," watu wakamwombea dua, wakazika. Mzee amekufa, mashahidi wamekufa, na wajukuu waona mikorosho tu. Zaidi ya hayo, katika miaka ya 1970 wazee wetu walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wakaacha mahame na makaburi yaliyokuwa karibu na nyumba zao. Leo mji wapanuka na viwanja vyauzwa, na mnunuzi asiyeonyeshwa mpaka huchimba msingi wa nyumba juu ya mtu. Dawa yake ni maandishi. Atoaye ardhi na aiweke wakfu mbele ya mashahidi, kwa karatasi, na warithi wake wawepo, wajue kwamba wakfu hauuzwi wala haurithiwi. Kisha, kama ni kijijini, iandikwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeweka fungu la ardhi ya matumizi ya wote, na halmashauri ya kijiji hutakiwa kuwa na rejesta yake. Kama ni mjini, wazee wa msikiti waende kwa afisa ardhi wa wilaya ili makaburi yaonekane katika ramani kabla ya viwanja kupimwa, si baada yake.

La pili ni daftari. Iko Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969, iipayo Serikali ruhusa ya kuhamisha makaburi ardhi inapotakiwa kwa manufaa ya umma. Hutolewa taarifa kwanza, na jamaa hulipwa gharama za kuhamisha na kuzika upya. Lakini jamaa ya nani, ikiwa kaburi halina jina? Mwaka 1968 makaburi 660 yaliyokuwa Ocean Road, Dar es Salaam, yalihamishwa ili ipite barabara, yakapelekwa katika makaburi ya vita yaliyo kando ya barabara ya Bagamoyo. Palikuwa na tume yenye daftari, na maiti aliyeandikwa alihama na jina lake. Basi wapagazi wetu wa vita vya 1914 hadi 1918, waliobeba mizigo katika nchi hii hii ya kusini? Tume hiyo hiyo ya Makaburi ya Vita ilikiri katika taarifa yake ya mwaka 2021 kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina. Wageni waliwaacha bila ya kuwaandika. Je, na sisi tuwafanyie hivyo wazee wetu wenyewe?

Daftari halina gharama: jina la maiti na la mzazi wake, tarehe ya kuzikwa, safu, na nani yuko kulia na kushoto kwake. Likae msikitini, na nakala ikae kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji. Kwa makaburi ya zamani, vijana waende kwa mabibi na kalamu mkononi. Bibi ndiye akumbukaye alipozikwa kichanga ambaye kila mtu amekwisha kumsahau.

La tatu ni mikono. Kila msikiti na kila madrasa iwe na zamu mbili kwa mwaka. Ya kwanza ni mvua zinapokwisha: kujaza udongo makaburi yaliyodidimia, na kufyeka ukanda kuzunguka mpaka ili moto wa mashambani usiingie. Ya pili ni Shaaban, watu wazurupo makaburi kabla ya Ramadhani: kufungua njia na kusimamisha mawe yaliyoanguka. Watoto wafundishwe kupita kando ya makaburi, wala wasing'oe majani mabichi yaliyoota juu ya kaburi lenyewe, kwani wanazuoni wetu wamechukia jambo hilo. Wang'oe miiba na magugu ya njiani. Wakiingia wawatolee salamu wenyeji, kama Mtume (S.A.W.) alivyowafundisha masahaba.

Enyi vijana, msidhani kazi hii ni ya wazee kwa kuwa wao ndio walio karibu na kufa. Wazee wanayo majina vifuani mwao, na nyinyi mnayo nguvu na kalamu. Kila mzee tunayemzika kabla ya kumwuliza, twamzika pamoja na makaburi kumi aliyoyajua yeye peke yake. Basi Ijumaa ijayo, baada ya sala, na apatikane mmoja wa kununua daftari, na mmoja wa kumshika mzee mkono ampeleke makaburini, amwulize: huyu ni nani?

Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia, na atujaalie sisi watu wa kuitunza amana. Amin.