Jenerali wa Kiitalia aliyerusha "Uhuru" kutoka bahari ya Malindi

Na Mwandishi Wetu, Aston, Birmingham

UKITAJA Aston watu hufikiria Villa Park na mpira tu. Lakini jiji hili la Birmingham lina udugu wa zamani na pwani yetu, udugu uliopitia angani, na aliyeuwezesha alikuwa mwanajeshi.

Jina lake ni Luigi Broglio, mhandisi na jenerali wa jeshi la anga la Italia, aliyezaliwa Mestre mwaka 1911. Desemba 15, 1964 vijana wake walirusha setelaiti ya kwanza ya Italia, San Marco 1, kwa roketi ya Marekani na kutoka ardhi ya Marekani. Hakuridhika. Alitaka kurushia karibu na Ikweta, kwani huko dunia huzunguka kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa na roketi hupata msukumo wa bure.

Akaichagua Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Majukwaa mawili ya chuma yakasimamishwa baharini, moja la kurushia na jingine la kuongozea. Kati ya 1967 na 1988 zilirushwa hapo setelaiti tisa.

Desemba 12, 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, Waitalia waliirusha setelaiti ya Wamarekani, nayo ikapewa jina la Uhuru. Iliorodhesha vyanzo 339 vya miale ya eksirei angani. Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wake, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2002. Oktoba 15, 1974 ikafuata Ariel 5 ya Uingereza, ikiwa na chombo cha Chuo Kikuu cha Birmingham. Huo ndio udugu ninaousema.

Broglio alifariki Januari 2001. Kituo sasa kina jina lake, na antena zake bado zinawasiliana na setelaiti.

Je, wenye bahari walipata nini? Wakenya waliuliza hivyo kwa miaka mingi, hadi mkataba mpya na Italia ulipotiwa saini mwaka 2016.

Aprili 2023 Kenya ilipata Taifa-1, setelaiti yake ya kuangalia ardhi na mazao. Haikuondokea Ngomeni, bali California. Sisi tunaoishi ugenini tunaielewa safari hiyo: ya wageni yaliruka kutoka kwetu, yetu yakatafuta pa kurukia kwa wageni.