Mfarishi wa Kanga za Marehemu



Mwezi wa Julai tulitoka Mombasa na marafiki wawili pamoja na ahali zetu, tukashuka treni Athi River, tukaishika njia ya Namanga hadi Kitengela. Wake zetu walikuwa wamealikwa kwenye mafunzo ya kushona mifarishi. Sisi wanaume tulibeba vyerehani, kisha tukakaa nyuma ya pazia. Baridi ya huko ilitufundisha mapema kwamba mfarishi si pambo.

Mwalimu alieleza kwa utaratibu. Mfarishi una tabaka tatu: juu vitambaa vilivyoungwa, katikati pamba, chini nguo nzima. Vitambaa hufuliwa kwanza visije vikachuja rangi, hupigwa pasi, kisha hukatwa miraba iliyo sawa. Tabaka zikishapangwa hupigwa bandi kuanzia katikati kwenda pembeni, zisikunjamane. Wenyeji walileta vipande vya shuka nyekundu za Kimaasai. Wa pwani walileta kanga.

Mama mmoja, mzaliwa wa Lamu anayeishi Kajiado mjini, alifungua furushi la doti sita, zote za marehemu mama yake. Akashika mkasi, akautua. Punde binti yake akaja kwetu: "Shikamoo, sheikh. Mama anauliza, yafaa kuzikata?"

Tuliuliza marehemu aliacha nani. Mumewe na wazazi wake walikuwa wametangulia, na deni hakuacha. Aliacha wana wawili na mabinti wawili. Binti mmoja naye alifariki baadaye, akaacha mume na watoto wadogo, wa kike na wa kiume.

Hesabu ikawa nyepesi, kwa kuwa kanga zilikaribiana thamani: kila mwana doti mbili, kila binti doti moja. Basi katika doti sita, mama yule alimiliki moja tu.

Akawapigia simu ndugu zake. Mkubwa alisamehe papo hapo. Mdogo, ambaye hawakusemezana tangu matanga, alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Chukua, dada. Nibakishie kipande chenye jina la kanga." Nyuma ya pazia tulisikia kilio.

Shemeji naye alisema, "Kateni tu." Tukamweleza kwa upole kwamba robo ya doti ile ni yake, aweza kuisamehe, robo tatu ni za wanawe. Baba ni mlinzi wa mali ya watoto, hana ruhusa ya kuitoa zawadi. Doti hiyo ikakunjwa nzima, ikawekwa kando. Mfarishi ukashonwa kwa doti tano.

Kuna aliyenong'ona kwamba hizi ni nguo kuukuu tu. Lakini Sura An-Nisaa, aya ya 7, imeweka fungu la wanaume na la wanawake katika mali iliyoachwa, iwe ndogo au kubwa. Majumbani mwetu sanduku la mama hufunguliwa kabla machozi hayajakauka, kila mkono ukachukua upendacho. Kinyongo kikaishi miaka kwa sababu ya kanga moja.

Ndugu zetu, kabla ya mkasi, ulizaneni. Mwenyezi Mungu awarehemu mama zetu waliotangulia, na atuunganishe sisi tuliobaki. Amin.