Nani Anaupa Ubongo Habari ya Mafuta? (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi mwili unavyoweka akiba ya mafuta. Sasa tuulize: ubongo unajuaje kwamba akiba imetosha?

Jibu lilianzia kwa panya. Mwaka 1949, katika Maabara ya Jackson, Marekani, walionekana panya waliokula bila kushiba, wakanenepa kupita kiasi. Mwaka 1994 Jeffrey Friedman na wenzake, New York, waliitambua jeni iliyoharibika. Kazi yake ni kuunda leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta yenyewe na kusafiri na damu hadi ubongoni, kuarifu kwamba akiba ipo. Jeni hiyo binadamu pia anayo. Mwaka 1997 watafiti wa Cambridge walieleza habari za watoto wawili, mtu na binamu yake, walioikosa leptini tangu kuzaliwa. Mmoja wao alipodungwa homoni hiyo, njaa ilitulia na uzito ukashuka. Mtoto kama huyo kuitwa mlafi ni kuonewa.

Mbwa wa aina ya Labrador nao wamo: mwaka 2016 ilibainika kwamba karibu mmoja kati ya wanne ana jeni iitwayo POMC, inayohusika na shibe, iliyokatika kipande, na hao huwa wazito na wenye uchu zaidi wa chakula.

Hata hivyo unene hautegemei jeni tu, bali malisho pia, na ushahidi mzuri ulikusanywa hapa Uganda. Miaka ya 1960 Michael Crawford, mwanabiokemia aliyefundisha Makerere, alilinganisha nyama ya wanyama wa porini, nyati wakiwemo, na ya ng'ombe wa kufugwa. Matokeo aliyachapisha katika Lancet mwaka 1968. Nyama ya porini ilikuwa na mafuta machache, tena mengi yake yale ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Ng'ombe walionenepeshwa walijaa mafuta magumu. Nyati na ng'ombe ni wa ukoo mmoja, ila ng'ombe amechaguliwa na mfugaji kizazi baada ya kizazi, akalishwa, akapunguziwa mwendo. Jioni pale Wandegeya, mteja anayeagiza kipande kilichonona anakula matunda ya uteuzi huo.

Kwetu sisi wanadamu, jeni za unene zilitafutwa zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana nauthamini sana utafiti wa Kyamulibwa, wilayani Kalungu, uliochapishwa mwaka 2019 ukihusu jeni za watu wapatao 6,400. Ulionyesha tofauti za kijeni ambazo hazikuwa zimeandikwa popote.

Limebaki fumbo: watu wanene wengi wana leptini tele, lakini ubongo wao hauisikii. Hilo tutaliangalia sehemu ya tatu.